Jina la riwaya nimelikuta kwa fundi cherehani

Miaka mitatu faili la riwaya yangu kwenye laptopu lilikuwa linaitwa "dada wawili MPYA fainali 4", msinicheke, nyie mnaoandika mnanielewa. Hadithi ipo, dada wawili wa Tanga hawasalimiani tangu mama yao azikwe, ila jina hamna. Nimejaribu Machozi ya nani sijui, Urithi wa sijui nini, nikahamia kwenye methali, nikaona hapana, methali nzima juu ya jalada inamaliza maneno hata kitabu hakijafunguliwa. Shafi Adam Shafi kaandika habari za wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa 1948, kitabu akakiita Kuli, basi. Herufi nne! Mimi nina maneno saba na bado hayasemi kitu.

Sasa siku moja nimempelekea fundi kanga ya marehemu bibi, pindo limefumuka. Akaigeuza geuza, akasoma jina lake, akacheka, halafu akaniuliza, "Huu upande mmoja, mwenzake yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwa mama mdogo. Akasema aah, doti ikishakatwa ndo basi tena, kila mtu na upande wake, na jina lilelile. Jamani nilisimama pale kama nimepigwa shoti. Si ndo wale dada zangu! Upande wa Doti. Simu ilikuwa imezima chaji, nikaandika nyuma ya risiti ya luku.

Mimi naona jina la kitabu unaokotewa na mtu asiyejua hata kama unaandika, ukilikalia mezani unapata maneno makubwa tu. Na raha za hii kazi ziko hukohuko. Hela tuziache. Ila nani alijua ningepata ruhusa ya umbea? Nakaa kwenye daladala nasikiliza ugomvi wa watu mpaka napitiliza kituo, naita utafiti. Kuna jioni nilimaliza masaa mawili na muuza samaki ananifundisha kutofautisha changu na tasi, yote kwa ajili ya sentensi moja ambayo nilishaifuta, na sijutii hata kidogo.

Fundi naye sasa kila nikipita anauliza wale dada wamepatana? Juzi nikateleza nikamwambia mkubwa anakufa sura ya tisa. Akasimamisha cherehani, akaikunja kanga yangu akaiweka chini ya meza. Anasema haijawa tayari, nirudi nikishabadilisha.