Damu ya Pompeii Ilimwagika Jukwaani

Vikitajwa viwanja vya Warumi, mazungumzo hukimbilia kwa magladieta, wale wapiganaji wa kiwanjani, na simba. Mimi naona tunatazama upande usio wenyewe. Tugeuze shingo tuwaangalie waliokaa jukwaani, na tuanzie Pompeii, kusini mwa Italia.

Uwanja wa Pompeii ulijengwa yapata mwaka 70 KK, karibu miaka 150 kabla ya Colosseum kuzinduliwa kule Roma. Waliotoa fedha ni wakubwa wawili wa mji, Quinctius Valgus na Marcus Porcius. Maandishi yao ya kwenye jiwe yanasema wamewapa walowezi mahali hapo wapamiliki milele. Walowezi wenyewe ni askari wastaafu wa Sulla, jenerali wa Kirumi, waliopewa makazi katika mji uliokuwa umetekwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uwanja ule ulikuwa zawadi ya kisiasa. Mapambano nayo yakawa vivyo hivyo: mwenye cheo hugharamia, watu hushangilia, jina lake hukua. Tangazo moja lililopakwa ukutani mjini humo linasema kikosi cha magladieta cha Aulus Suettius Certus kitapigana tarehe 31 Mei, kutakuwa na uwindaji wa wanyama, na turubai la kivuli litatandazwa. Jina la mgharamiaji limo. La mpiganaji hata mmoja halimo.

Viti vilitosha watu kama 20,000, kuzidi wakazi wa mji. Maana yake wageni kutoka miji ya jirani walitarajiwa.

Mwaka 59 BK wageni hao walikuwa watu wa Nuceria. Mwenye shughuli alikuwa Livineius Regulus, mtu aliyekwisha kufukuzwa kwenye Seneti, baraza la wakubwa wa Roma. Mwanahistoria Tacitus anasimulia jinsi moto ulivyoshika: yalianza maneno ya kuchokozana, yakafuata matusi, yakafuata mawe, mwisho silaha za chuma. Wenyeji walikuwa wengi, wakawazidi nguvu wageni. Watu wa Nuceria walipelekwa Roma wakiwa wamekatwakatwa, na wengi walikuwa wakiwalilia watoto wao au wazazi wao. Hapo kwenye watoto na wazazi ndipo ninapokwama kila nikisoma. Walikuwa wametoka nyumbani kifamilia kwenda kutazama wengine wakiuana.

Kaisari Nero aliitupia Seneti kesi hiyo, Seneti ikawatupia makonsuli, maofisa wakuu wa dola, kesi ikarudi Seneti. Pompeii ikazuiwa kufanya mikusanyiko ya namna hiyo kwa miaka 10, vyama visivyo halali vikavunjwa, Livineius na wachochezi wakapelekwa uhamishoni.

Sasa, kinachonisumbua zaidi ya ghasia zenyewe ni kilichofuata. Ndani ya nyumba moja ya Pompeii, kwenye ukuta wa ua wenye nguzo, palikutwa picha ya siku ile. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya akiolojia ya Napoli. Uwanja umechorwa kama unavyoonekana kutoka juu, na ile ngazi yake ya nje inayopanda pande mbili. Turubai limetandazwa upande mmoja. Watu wadogo wadogo wanakimbizana na kupigana chini uwanjani, juu ya viti, na hata nje ya kuta.

Wapo wanaoichukulia kama kumbukumbu tu ya tukio kubwa. Mimi siamini. Jambo unaloliona aibu hulipaki rangi mahali unapopumzika jioni na wageni wako. Na ukuta mwingine wa mji una maandishi ya kukwaruzwa, pembeni yake mtu mwenye silaha anashuka ngazi akibeba tawi la mtende la ushindi: “Watu wa Campania, katika ushindi mmoja mmeangamia pamoja na watu wa Nuceria.” Campania ni eneo lenye miji yote miwili. Neno walilochagua ni ushindi. Mtu aliyezoea kukaa kitini na kupigia makofi kifo cha asiyemjua, siku kifo kikipanda hadi kwenye viti bado anakihesabu kwa hesabu za mchezo.

Na kwenye picha ile, juu ya ukuta uliochorwa kando ya uwanja, mchoraji ameandika salamu za heri kwa Decimus Lucretius, mgharamiaji wa michezo aliyejulikana sana mjini. Chini ya miti, hatua chache tu kutoka kwenye mapigano, vibanda vya wachuuzi bado vimesimama.