Kipokezi kifupi si lazima kiwe kipokezi sahihi

Ukiuliza namna ya kuandika draiva (programu inayoendesha kifaa) inayopokea makatizo, yaani ishara za kifaa zinazoidai prosesa iache ilichokuwa ikifanya, jibu la kwanza karibu kila mahali ni kwamba kipokezi cha katizo, msimbo unaoitwa ishara hiyo inapofika, kiwe kifupi. Fanya machache, toka haraka, kazi nzito iachie baadaye. Ushauri huo ni wa kweli na sina ugomvi nao. Kinachonisumbua ni jinsi ulivyokuzwa hadi ukafunika mambo yanayoziangusha draiva mara nyingi zaidi. Nimesoma vipokezi vya mistari michache tu, vyepesi kabisa, ambavyo havikustahili kukaribia kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kabla ya kasi, ningependa mwandishi wa draiva ajiulize: katizo hili linaweza kuja lini? Jibu ni wakati wowote, ukiwemo ule ambao kifaa bado hujakiandaa na ule ambao unadhani umeshakizima.

Kasi nayo tuipe haki yake. Laini ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijaa fremu ndogo kabisa za Ethernet, zile za baiti 64, hupitisha takriban fremu 1,488,000 kila sekunde, yaani fremu moja kila nanosekunde 672. Kila fremu ikija na katizo lake, prosesa itashinda ikipokea makatizo na programu za mtumiaji hazitapata zamu. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliichambua hali hiyo mwaka 1996: mfumo hauna nafasi ya kupumua, lakini pakiti hazimfikii anayezisubiri. Ndiyo maana draiva za mtandao za Linux huzima makatizo ya kadi pakiti ya kwanza inapoingia, kisha huichota foleni kwa mafungu mpaka iishe. Dawa nzuri, ila ina mtego wake, nitaufikia.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Draiva nyingi huomba mstari wa katizo, njia ambayo ishara hiyo hupitia, mapema, kwa sababu kuomba rasilimali huonekana kama kazi ya kufungua dimba. Lakini kipokezi kinaweza kuitwa hata kabla request_irq, kitendaji cha Linux cha kuomba mstari huo, haijarudisha jibu. Kifaa huenda kiliachwa na katizo linalosubiri na programu iliyowasha kompyuta, au na kerneli iliyoanguka kabla ya hii, jambo la kawaida pale kerneli ya pili inapowashwa ili kuhifadhi kumbukumbu za ajali ya kwanza. Kama kufuli linalozuia sehemu mbili za msimbo kugusa data moja kwa pamoja bado halijaandaliwa, au pointa ya bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea data) bado ni tupu, umekwisha. Zima makatizo kwenye rejista za kifaa (vihifadhi vyake vidogo ambavyo draiva huvisoma na kuviandikia), futa hali iliyobaki, andaa miundo yako yote, ndipo uombe mstari. Ruhusa ya kifaa kutuma makatizo iwe ya mwisho kabisa.

Halafu kuna suala la kusema ukweli. Kwenye mistari ya zamani ya PCI, mfumo wa kuunganisha kadi na kompyuta, vifaa kadhaa huweza kutumia mstari mmoja, na kerneli huviita vipokezi vyote vya mstari huo kimoja baada ya kingine. Kila kipokezi kinatakiwa kusoma rejista ya hali ya kifaa chake na kujibu: IRQ_HANDLED kama katizo lilikuwa lake, IRQ_NONE kama halikuwa lake. Kuna draiva zinazojibu IRQ_HANDLED kila mara, eti kwa usalama. Si usalama hata kidogo. Linux huhesabu majibu hayo: katika kila makatizo 100,000 ya mstari, zaidi ya 99,900 yakikosa mwenyewe, kerneli huandika ule ujumbe wa nobody cared na kuufunga mstari, ili mashine isizame. Draiva inayodai kila katizo kuwa lake inaizima kinga hiyo. Kifaa cha jirani kikiharibika na kupiga bila kukoma, prosesa itazama kwenye makatizo hayo na hakuna ujumbe utakaokuonyesha pa kuangalia.

Rejista ya hali ikirudisha 0xFFFFFFFF, usikimbilie kudhani kwamba matukio yote yametokea kwa mpigo. Mara nyingi maana yake ni kwamba kifaa hakipo tena, kimechomolewa au kimekatika umeme, na basi, yaani njia ya data kati ya prosesa na vifaa, inarudisha biti zote zikiwa moja. Nimeona vipokezi vinavyolichukulia jibu hilo kama kazi nyingi na kuzunguka milele vikijaribu kuimaliza.

Sasa jambo ambalo nadhani linastahili muda mrefu kuliko yote: kufuta hali. Kuna vifaa vinavyobisha hodi mfululizo mpaka vifunguliwe, na kuna vinavyobisha mara moja tu. Vya kwanza ni makatizo ya kiwango: mstari unabaki umeshikiliwa hadi sababu iondolewe, na ukitoka bila kuiondoa utaitwa tena papo hapo, tena na tena. Vya pili ni makatizo ya ukingo, na hivyo ukivikosa havirudii.

Chukua kifaa cha kawaida ambacho biti ya rejista ya hali hufutwa kwa kuiandikia moja. Kipokezi kinasoma hali, kinapata biti ya data imeingia, kinaisoma data yote, kisha mwishoni kinafuta biti. Kwa macho kila kitu kiko sawa. Lakini tuseme data mpya imeingia baada ya kipokezi kumaliza kusoma na kabla hakijafuta. Biti ilikuwa tayari ni moja, kwa hiyo haikubadilika. Kipokezi kinaifuta, na habari ya data ile mpya inafutika nayo. Data imekaa kwenye kifaa na hakuna anayejua. Mpangilio sahihi ni kusoma hali, kufuta palepale, kisha kushughulikia. Data ikiingia katikati, biti itawaka upya na katizo jipya litakuja. Mara chache utaitwa na kukuta kazi imeshafanyika, na hilo halina madhara.

Na unapofuta, andika thamani ileile uliyosoma. Wapo wanaoandika moja kwenye biti zote ili kusafisha kabisa. Tukio lililofika baada ya kusoma na kabla ya kuandika linasafishwa pia, bila kuonwa na yeyote. Kosa hili halionekani kwenye meza ya majaribio. Linajitokeza mzigo unapopanda, na mtumiaji ataripoti kwamba kifaa huganda mara mojamoja.

Kuandika kwenyewe nako si jambo la papo kwa papo. Kwenye PCI, maandishi yanayoenda kwa kifaa yanaweza kushikiliwa njiani kwenye madaraja ya basi huku prosesa ikiendelea na shughuli zake. Kipokezi kinarudi, mstari bado umeshikiliwa kwa sababu amri ya kuuachia haijafika, na kipokezi kinaitwa tena kwa katizo ambalo halipo. Kusoma rejista yoyote salama ya kifaa hichohicho kunayalazimisha maandishi yaliyotangulia kufika. Usomaji huo una gharama, kwa hiyo usiuweke kila mahali. Weka pale ambapo usahihi unautegemea.

Mtego wa draiva za mtandao ni wa ukoo huohuo. Foleni imechotwa hadi ikaisha, draiva inataka kurudisha makatizo. Pakiti inaingia baada ya draiva kuona foleni tupu na kabla ya kuruhusu makatizo. Kwa kadi ambazo hutuma katizo kwa tukio jipya tu, pakiti hiyo itakaa pale hadi nyingine ije iiokoe, na kama hakuna nyingine, aliye upande wa pili atasubiri hadi achoke. Dawa ni kuruhusu makatizo kwanza, kisha kuiangalia foleni kwa mara nyingine.

Kuhusu kufuli nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa zana zimetusaidia sana. Ukishika kufuli la kuzunguka (anayelitaka huzunguka palepale hadi liachiwe) katika msimbo wa kawaida bila kuzima makatizo, na kipokezi kikaja kwenye prosesa hiyohiyo kikitaka kufuli lilelile, kitazunguka milele kikimsubiri mtu ambaye kimemkatiza. Tumia spin_lock_irqsave, inayozima makatizo na kushika kufuli kwa pamoja. Pia washa lockdep, kikaguzi cha matumizi ya kufuli, unapojaribu. Imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.18 la mwaka 2006, na huutambua mkwamo huo hata kama bado haujatokea, mradi imeona njia zote mbili zikipitwa. Kutoa draiva ambayo haijawahi kuendeshwa chini ya lockdep ni kuwatendea vibaya watumiaji.

Mwisho wa maisha ya draiva ndipo ninapoanzia ninapokagua kazi ya mtu mwingine. Kukizima kifaa hakutoshi, kwa sababu kipokezi kinaweza kuwa kinaendelea kwenye prosesa nyingine wakati huohuo. free_irq, kitendaji cha kuachia mstari, husubiri vipokezi vyote vinavyoendelea vimalize, kwa hiyo bafa zifunguliwe, yaani kumbukumbu yake irudishwe, baada yake, si kabla. Lakini haijui chochote kuhusu kazi ambayo kipokezi kiliiweka kwenye foleni ya kazi, wala kuhusu taima. Hizo lazima uzifute mwenyewe na kuzisubiri. Usajili wa kujiachia wenyewe, ule wa devm_request_irq, umeongeza kosa jipya: mstari huachiwa baada ya kitendaji cha kuondoa draiva kumaliza. Kama ndani ya kitendaji hicho ulifungua bafa kwa mkono, kuna kipindi ambacho kipokezi kiko hai na bafa yake imeshakufa. Chaguo la CONFIG_DEBUG_SHIRQ hukifichua kipindi hicho kwa makusudi: mstari wa pamoja unapoachiwa, kerneli hukiita kipokezi mara moja zaidi. Draiva isiyostahimili mwito huo huanguka mbele ya mwandishi wake, na ni bora hivyo.

Tangu mwaka 2009, kwa toleo la 2.6.30, Linux imewapa waandishi njia ya kuhamishia kazi ya katizo kwenye uzi, yaani mkondo wa utekelezaji, wa kawaida unaoweza kulala. Mwaka 2024 uwezo wa muda halisi, wa kujibu matukio ndani ya muda uliowekwa, uliingia rasmi kwenye toleo la 6.12, na ukiwashwa, karibu vipokezi vyote huendeshwa kama nyuzi. Urefu wa kipokezi umepungua uzito kwenye mifumo hiyo. Biti iliyofutwa kwa kuchelewa bado inapoteza tukio, na uzi unaoandika kwenye bafa iliyokwisha kufunguliwa unaharibu kumbukumbu sawasawa na kipokezi cha zamani.