Tazama Upindo Kabla ya Zari

Mtu akionyeshwa mavazi ya jadi ya Wagiriki, macho yake hukimbilia zari. Simlaumu. Kizibao cha Epirus, mkoa wa kaskazini-magharibi ya Ugiriki, kilichojazwa uzi wa dhahabu mpaka kitambaa chenyewe kikapotea hung'aa hata kwenye taa hafifu ya makumbusho. Mimi hushona kwa mkono, na kwa miaka mingi nilitazama hivyo hivyo. Siku hizi nashikilia neno moja: kazi kubwa kuliko zote katika mavazi haya iko chini kabisa, kwenye upindo, karibu na miguu ya mwanamke ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Sitaki kuwadhulumu mafundi wa zari. Wagiriki waliwaita terzides, mmoja wao terzis, neno walilolipata kwa Waturuki, nao Waturuki kwa Waajemi, ambako darz ni mshono. Anayejua kudarizi atausikia udugu hapo. Walikuwa wanaume wenye vyama vyao vya ufundi, na mji wa Ioannina, huko huko Epirus, ulisifika kwa kazi hiyo. Uzi wao ni utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, umezongwa juu ya uzi wa hariri. Ukiupitisha ndani ya kitambaa tena na tena, unachubuka. Kwa hiyo fundi huulaza juu ya mahameli au sufu, kisha akaubana kwa vishono vidogo vya uzi mwingine mwembamba. Akitaka ua liinuke, hutanguliza kipande cha karatasi ngumu chini yake. Ni mkono uliotulia, na ni hesabu ya biashara pia, maana kila urefu wa zari una bei yake.

Sasa njoo Mesogeia, vijiji vilivyo mashariki ya Athens, katika Attica. Huko mwanamke alivaa foundi, kanzu ndefu ya pamba, na juu yake joho la sufu lisilo na mikono, liitwalo sigouni. Joho liliishia juu kidogo ili upindo wa foundi uonekane. Upindo huo mpana ulidariziwa kwa hariri, na hapa hakuna mchoro wa kufuata. Mdarizi anahesabu nyuzi za kitambaa: hizi ruka, hizi chukua, rudi. Ramani yote imo kichwani. Akikosea uzi mmoja asubuhi, jioni maua hayakutani, na hana budi kufumua. Nguo ya bibi harusi ilijaa wekundu, na hariri ilibanana hata pamba iliyo chini isionekane. Binti alianza kazi hiyo mapema, miaka kabla mchumba hajajulikana.

Tena hariri yenyewe ilikuwa na jasho la nyumbani. Soufli, mji wa Thrace, una nyumba zilizojengwa mahsusi kwa kufugia viwavi wa hariri. Wekundu nao ulitoka kwenye mizizi ya mmea waliouita rizari. Kijiji cha Ampelakia, kule Thessaly, kilitajirika kwa kuutia huo wekundu kwenye uzi wa pamba. Mwaka 1778 wakazi wake waliunda ushirika uliouza uzi hadi Vienna.

Na sufu! Watu huipita bila kugeuka. Joho la sigouni halikushonwa kwa kitambaa kilichotoka tu kwenye mtande. Kitambaa kilipelekwa kwanza kwenye nerotrivi, pipa kubwa linalopokea maji yanayoanguka kwa nguvu kutoka juu. Kilizungushwa humo hadi nyuzi zikashikana, kikawa kizito na kigumu kupenya kwa mvua. Pale Dimitsana, milima ya Arcadia, makumbusho ya nguvu za maji bado yanaonyesha mtambo huo.

Kinachoniuma ni sura iliyochaguliwa kuiwakilisha nchi. Malkia Amalia, mke wa Otto, mfalme wa kwanza wa Ugiriki, alifika nchini humo mwaka 1837, akaanzisha vazi la ikulu: rinda la hariri la mtindo wa Ulaya, koti fupi la mahameli lenye zari, tarbushi yenye kishada. Ni zuri, sibishi. Lakini ndilo lililoenda kwenye wanasesere na postikadi, na upindo wa Mesogeia ukabaki kwa wanaojua. Afadhali Lykeion ton Ellinidon, chama kilichoanzishwa na Kalliroi Parren mwaka 1911, kilichukua jukumu la kuhifadhi mavazi ya mikoa.

Niliwahi kutazama kikundi cha ngoma kikicheza kwa mavazi ya Attica yaliyotengenezwa upya. Upindo ulikuwa utepe wa nailoni uliofumwa kiwandani, umebandikwa kwa cherehani. Kwa mbali rangi zilifanana. Ngoma ilipokolea, nguo zikapepea juu kama karatasi, kwa sababu hazikuwa na kilo za hariri na pamba za kuzivuta chini. Waliocheza wakawa wanashika nguo badala ya kushikana mikono.

Ombi langu kwa wenye makumbusho, kuanzia Benaki pale Athens, ni dogo. Chagueni foundi moja tu, mgeuze kipande cha upindo wake, au mtege kioo chini yake, ili mgeni aone upande wa nyuma, pale uzi ulipokatwa na pale mkono ulipochoka ukaanza tena.