Rejeta Moja, Mafundi Mtaa Mzima

Aliyesema gari hurahisisha maisha simjui, na sina ugomvi naye. Nataka tu alale hapa chini ya bampa nilipolala mimi, atazame juu, halafu arudie kauli yake.

Rejeta yangu, ile inayopoza maji ya injini, inavuja. Kuvuja kwenyewe hakunisumbui. Chombo chochote kinachobeba maji kina haki ya kuchoka. Kinachonitoa roho ni usiri wake. Unafungua boneti asubuhi, unakuta kopo la akiba limeshuka chini ya ile alama ya chini kabisa. Unajaza. Kesho yake limeshuka tena. Unainama kuchungulia uvunguni: pakavu! Hakuna hata doa. Unabaki unalitazama gari, nalo linakutazama kwa taa zake mbili kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.

Halafu siku unayoona dimbwi, ukaita nyumba nzima ije ishuhudie, kumbe ni maji ya kiyoyozi. Yale hudondoka chini upande wa abiria wa mbele, meupe, hayana harufu wala utelezi, na kazi yao ni kukupandisha presha bure. Kulanti, ile dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji ya rejeta, haijifichi ikidondoka: ya kijani, ya pinki, ya bluu au ya rangi ya chungwa, ukiisugua vidoleni inateleza, na ina harufu tamutamu. Mzee jirani yangu, mstaafu wa kazi ambayo sijawahi kuielewa, alichovya kidole kwenye lile dimbwi kisha nikaona kidole kinapanda kuelekea mdomoni.

"Mzee, unafanya nini?"

"Naonja. Ikiwa tamu, ni rejeta."

Nilimdaka mkono hewani. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, na ile ni sumu. Utamu wake ndio unaoponza paka na mbwa wanaoiramba sakafuni, figo zikaishia hapo. Mzee akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimetaka kuonja.

Na hapo ndipo ninapotaka mtu anieleze: boneti ikifunguka, hawa watu hutokea wapi? Mtaa ulikuwa mtupu. Ukibeba gunia zito humwoni mtu, lakini inua boneti uone. Wa kwanza alipita akasema, "Themostati hiyo. Toa, tupa." Hakusimama hata kidogo; alitoa hukumu huku anatembea. Themostati ya watu imekosa nini? Ni kilango tu, kimefungwa injini ikiwa baridi, kinafunguka maji yakifika nyuzi 80 na ushee au 90 hivi ili yapite kwenye rejeta. Ukiitupa, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na tundu la rejeta liko palepale linakucheka.

Wa pili alikunja mikono kifuani, akashusha sauti kabisa kama aliyeleta habari za msiba. "Pole sana. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi." Yaani ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Nikamwuliza moshi mweupe mzito ameuona wapi. Hajauona. Oili iliyochanganyika na maji ikawa kama uji wa maziwa? Hajaiona. Mapovu yanayopanda kwenye rejeta bila kukoma? Hapana. Sasa gasketi imekufa kwa ushahidi gani? Akasema, "Nakupa pole mapema tu."

Wa tatu alileta yai. Simaanishi alileta ushauri wa yai. Alikuja nalo mkononi. Ute wa yai, alisema, ukiumwaga ndani ya rejeta unaivia kwenye maji ya moto na kuziba tundu. Ni kweli kabisa, unaweza kuziba. Ila yai halina macho. Rejeta yenyewe ni mkusanyiko wa vijibomba vyembamba sana, na kuna vingine vidogo zaidi kwenye hita, ile inayotumia maji hayohayo kupasha joto ndani ya gari. Yai litajuaje kwamba tundu hili lizibwe na lile liachwe? Nikamwambia alirudishe nyumbani likafanye kazi iliyolileta duniani. Alipoondoka nikamsikia anamwambia mwenzake kwamba mimi ni mbishi, na kwamba pilipili manga iliyosagwa nayo nitaikataa. Nitaikataa, ndiyo.

Mzee jirani yeye hakuondoka. Gari lilikuwa limetoka kuchemsha, geji imesimama kwenye wekundu, na yeye mkono wake uko juu ya kifuniko cha rejeta.

"Fungua tuone."

"Tuone nini, mzee?"

"Maji."

"Utayaona usoni."

Maji ya kawaida huchemka nyuzi 100. Ndani ya rejeta yamechanganywa na kulanti na kubanwa na kile kifuniko chenye springi, kwa presha ya ziada inayokaribia ile ya hewa inayotuzunguka, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 120 yakatulia tuli. Ukifungua tu, presha inaondoka, na yale yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa pamoja kuelekea kwa aliyefungua. Tulisubiri injini ipoe mpaka bomba la juu la rejeta, lile la mpira, likashikika kwa kiganja. Mzee alinuna muda wote huo.

Presha hiyohiyo ndiyo sababu ya ule usiri. Injini ikilala baridi, ufa unajifunga. Ikipata moto, unafunguka, unatema maji kidogo juu ya chuma cha moto, yanakuwa mvuke kabla hayajafika chini. Kinachobaki ni ukoko mkavu wenye rangi ya kulanti, ndio wa kutafuta. Mafundi wana kijipampu cha mkono: unakifunga mahali pa kifuniko injini ikiwa baridi, unapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, unakaa kuangalia kama mshale unashuka na wapi panatoa machozi. Kitu cha maana sana. Mtaani kwetu kila mtu ana ushauri, mwenye pampu hayupo.

Basi nikafuta kila kitu kikakauka, nikatandika kadibodi safi uvunguni, nikawasha injini, na hapo nikamkabidhi mzee tochi.

Nani atanisaidia kueleza kuhusu watu wanaoshika tochi? Tochi yao inamulika wanapotaka kuona wao. Mkono wangu uko kushoto, umebanwa kati ya feni na mpira wa chini; mwanga uko kulia unachunguza betri. Nikisema "hapa, mzee," mwanga unakuja, unagusa kidole changu, kisha unapanda taratibu kwenda kumulika ukuta, maana amekumbuka hadithi. Na hadithi haisimuliki bila kuchezesha mkono.

Mpira wa juu mzima. Mpira wa chini mzima, klipu zimekaza. Pampu ya maji ina kijitundu chini ambacho kikianza kulia ujue sili yake ya ndani imekwisha, kikavu. Zulia la abiria halina unyevu, kwa hiyo hita haina kesi. Mwishowe mwanga ulipotea njia kurudi kutoka kwenye hadithi ya ukutani, ukapita pembeni ya rejeta, na hapo nikaliona: pale kichwa cha plastiki kinapokutana na mapezi ya aluminiamu, mstari mwembamba wa ukoko wa kijani, na katikati yake tone moja linavimba, linafikiria, linavimba tena.

Plastiki! Hivi kikao kile kilikuwaje? Watu wazima, wamesoma, wamekaa mezani, mmoja akasema: haya maji ya moto yenye presha, yanayopanda na kushuka joto kila siku, tuyafunike kwa plastiki, tuibane kwa vijino vya bati na raba katikati. Na wengine wakapiga makofi. Zile za zamani zilikuwa shaba, zikitoboka fundi anachomelea kwa risasi, anakunywa maji yake, anaondoka.

Nilipaka gundi ya epoksi, na nilisema wazi kwa kila aliyesimama pale kwamba ile ni bandeji. Ukaushe, upige msasa, upanguse mafuta kwa spiriti, uchanganye dawa zote mbili, upake, uache usiku kucha. Mama watoto akatoka kuuliza gari liko tayari.

"Gundi inakauka."

"Gundi."

Hakuuliza. Alilitamka tu, akarudi ndani, na mlango ukajifunga wenyewe.

Pale kwenye maungio panachezacheza kwa joto, bandeji haidumu. Nilipata rejeta nyingine, na hapo ndipo nilipofahamiana na klipu za springi. Zimewekwa mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki, zikielekezwa upande ambao koleo haliingii. Nilitoa waya wa betri kwanza, maana feni ya umeme inaweza kuamka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na vidole vya mzee vilikuwa vinazurura. Mpira wa chini uliganda kabisa. Nikauzungusha, nikauvuta, ukagoma. Nikauvuta kwa hasira, ukatoka wote, na kulanti iliyokuwa imesalia ikaingia kwenye mkono wa shati, ikapita kiwikoni na kwenda kupumzika kwapani. Baridi! Nyingine niliikinga kwenye beseni, nikaitia kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto na paka. Mzee alitaka tuimwage mtaroni tumalize. Tuimalize nini, mzee?

Rejeta mpya ilikaa. Kulanti nusu, maji yaliyotoneshwa nusu, maana ya bomba yana chumvi inayoganda humo ndani. Na rangi mbili usizichanganye kabla hujasoma chupa, nyingine zikikutana zinakuwa tope. Ikabaki kutoa upepo. Kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, injini inanguruma taratibu, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Jua la saa saba mchana, mimi nimekaa ndani ya gari napulizwa na hita, jasho linatiririka, mzee yupo mbele anatangaza kila povu linalopanda: "Bado! Bado! Hilo kubwa!" Wapita njia wakamwuliza kimya kimya kama mimi ni mzima.

Mapovu yaliisha, nikajaza, nikafunga. Geji imetulia katikati, kadibodi kavu.

Jioni nikasikia hodi. Ni mzee, na nyuma yake mtu nisiyemjua, gari lake limesimama barabarani linafuka mvuke.

"Yetu ilisumbua hivihivi," mzee anamwambia, "nikaishughulikia." Kisha akaninyooshea ile tochi. "Huyu ndiye kijana wangu wa kunisaidia. Leta spana, bwana mdogo."