FREE au CLEAR? Mabishano ya jedwali lililojaa

Juzi, ofisini Nyakato, kijana tunayefanya naye kazi aliniletea ripoti ya mapokezi ya samaki yenye FREE 14. FREE na CLEAR ni amri za kumwaga jedwali la ndani, yaani jedwali linalokaa kwenye memori programu ikiendeshwa, katika ABAP, lugha ya kuandikia programu za SAP. Kila jedwali la ndani, hata la mistari mitatu, kalipigia FREE. "Kaka, memori isibaki imeshikwa bure," akasema. Mimi ni mtu wa CLEAR tangu nianze ABAP. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Hoja yake ina uzito. CLEAR hufuta mistari yote na kurudisha memori, ila kile kipande cha memori ambacho jedwali hupewa mwanzoni hubaki. FREE huachia vyote. Na kwenye programu za zamani, jedwali likiwa na mstari wa kichwa (mstari mmoja wa kufanyia kazi wenye jina lilelile la jedwali), CLEAR bila [], alama inayotaja jedwali lenyewe, husafisha kichwa tu, mzigo wote unabaki palepale. Mtego huo ulishaninasa: nilijumlisha sangara wa jana na wa leo, nikampelekea mhasibu.

Lakini kipande hicho ni kidogo mno mbele ya mistari laki kadhaa ambayo CLEAR imekwisha kuachia. Na jedwali linalojazwa na kumwagwa kwa kila mtumbwi, ukilipigia FREE kila mara, unafanana na mama wa dagaa pale Mwaloni anayerudisha ndoo kwa mwenyewe kila akiuza, kisha anakwenda kuiazima tena. La ndani ya metodi, yaani kipande cha programu kinachoitwa kufanya kazi moja, ndiyo usiliguse kabisa. Metodi ikiisha, nalo limekwenda.

Aliponibana ni kwenye jedwali la programu nzima. Ripoti inavuta mapokezi ya mwaka, inajumlisha kwa mwalo, kisha inajenga jedwali jingine kubwa. Usipoachia la kwanza hapo katikati, unaweza kukutana na TSV_TNEW_PAGE_ALLOC_FAILED, kosa la kuishiwa memori linaloangusha programu. CLEAR ingetosha, nikamwambia. Akajibu kwamba FREE inamjulisha atakayesoma programu kuwa jedwali hili halirudi tena. Hapo sikuwa na jibu.

Ila FREE nayo si dawa ya kila kitu. Ukinakili jedwali, nakala zote mbili hutumia memori ileile mpaka mojawapo ibadilishwe, hivyo ukiachia moja tu hujaokoa kitu. DELETE, amri ya kufuta mistari, ikitumiwa mstari mmoja mmoja ndiyo mbaya zaidi: mistari inatoweka, nafasi yake jedwali linaendelea kuikalia.

Kumbe tulikuwa tunagombania kata ya kukumbia maji, tundu la mtumbwi hakuna aliyelitazama. Mwaka mzima uingie kwa mpigo wa nini? Tukaweka PACKAGE SIZE, kipimo cha mafungu, kwenye SELECT, amri inayovuta data kutoka hifadhidata, mistari ikaja 10,000 kwa 10,000, ikijumlishwa na kupisha mingine. FREE zikabaki mbili. Moja niliiandika mimi.