Ukomo wa uzalishaji: ufutwe upi, ubaki upi?

Nyanya zikifurika Ilula, hoja ni ile ile: kwa nini kusiwe na utaratibu wa kupanga nani alime kiasi gani, ili bei isianguke? Matenga yamejaa kandokando ya barabara ya Iringa kwenda Morogoro, nyanya za chini zimeanza kutoa maji, na dalali anajua fika kwamba mwenye mzigo hawezi kusubiri kesho. Msimu uliotangulia bei ilikuwa nzuri, kila mtu akaongeza bustani, sasa wote wanavuna kwa pamoja. Aliyeyaona hayo hawezi kuibeza hoja ya ukomo.

Kanada wanao ukomo huo. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wa kuku huzalisha kwa mgawo, yaani kila mmoja ana kiasi alichoruhusiwa, bei ya maziwa hupangwa kwa kuangalia gharama za mfugaji, na bidhaa ya nje ikizidi kiwango hutozwa ushuru mkubwa. Kwa siagi unakaribia asilimia 300. Juni 2025 wakapitisha sheria inayomkataza waziri kuulegeza ulinzi huo kwenye mazungumzo ya biashara. Wanaotaka ufutwe wanasema mlaji ndiye anayelipa, hasa maskini, ambaye sehemu kubwa ya kipato chake huishia sokoni. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mgawo wenyewe umegeuka mali. Jimbo la Ontario, mgawo unaotosha takriban ng'ombe mmoja unauzwa kwa dola 24,000 za Kanada. Kijana asiye na urithi aanzie wapi? Na pamoja na ulinzi wote huo mashamba ya maziwa yameendelea kupungua. Leo hayafiki 10,000 nchi nzima.

Umoja wa Ulaya uliweka mgawo wa maziwa mwaka 1984, maghala yalipojaa siagi isiyo na mnunuzi, ukauondoa 2015. Maziwa yakaongezeka wakati Urusi imefunga soko lake na China imepunguza kununua, bei ikaporomoka. Mwaka uliofuata Umoja huohuo ukatenga yuro milioni 150 kuwalipa wafugaji ili wapunguze maziwa, senti 14 kwa kila kilo. Kwa hiyo anayesema soko huria litajisawazisha lenyewe ana deni la kutueleza nani atamlisha mfugaji wakati linajisawazisha.

Na sisi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania tuna ya kwetu. Miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na aliye jirani na Dar es Salaam. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa mikoa minne inayotegemewa kulisha taifa. Bei ya uhakika ilikuwepo, ukomo haukuwepo, gharama ya kusafirisha ilibebwa na shirika, nalo likazama kwenye madeni. Hapo watetezi wa mgawo wananishawishi: huwezi kuahidi bei kwa kila gunia bila kujua yanakuja magunia mangapi. Lakini mgawo wa mahindi hautekelezeki. Mahindi ni chakula cha nyumbani kwanza, na mvua haisomi mkataba. Tena mkulima wa mahindi ameumizwa zaidi na mpaka. Kanada hufunga mpaka ili maziwa ya nje yasiingie. Sisi mwaka 2017 tuliufunga ili mahindi yetu yasitoke, na bei ikamwangukia mkulima huku. Kumwekea mtu huyo ukomo juu ya hapo ni kumwonea.

Mgawo tulionao kweli uko kwenye tumbaku. Chunya, mkoani Mbeya, mkulima hulima kwa makisio: kampuni inasema itanunua kilo ngapi, chama cha msingi kinagawa kwa wanachama, na mbolea inakopeshwa kwa hesabu hiyo. Kuna faida, nisiikane. Bei za madaraja zinajulikana mapema, na bila mnunuzi aliyejifunga tumbaku ni majani tu, huwezi kuyapika. Ila ukomo huo unambana upande mmoja. Akipungukiwa, deni la pembejeo linabaki, na wenzake kwenye chama wanalibeba. Akizidisha kwa sababu mvua zilikubali, kampuni haina wajibu wa kununua ziada; imewahi kutokea nchini tumbaku ikakaa maghalani huku viongozi wakiwabembeleza wanunuzi. Robota, yaani furushi la tumbaku, likifika sokoni, mteuzi anayepanga madaraja akilishusha, makisio hayamsaidii chochote.

Kwa hiyo sitaki makisio yafutwe kesho asubuhi. Yakifutwa bila kitu cha kushika nafasi yake, Chunya itakuwa kama Ilula, tena na zao lisiloliwa. Marekani walipofuta mgawo wao wa tumbaku mwaka 2004 waliwalipa fidia wenye mgawo na wakulima, karibu dola bilioni 10, na fedha zikatoka kwa kampuni za sigara. Sisi hatuna wa kulipa hivyo. Ninachotaka ni anayeweka ukomo naye abebe sehemu ya hasara.

Nyanya na viazi vya Uyole nisingeviwekea mgawo kabisa. Vinaoza haraka, na wakulima ni wengi mno kuhesabika. Huko dawa ni mikataba na viwanda, taarifa za nani amepanda nini na lini, na kupambana na lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kipimo. Lakini kwenye tumbaku, mkataba unaotaja makisio utaje pia ziada itanunuliwa kwa bei gani na hasara ya ukame itagawanywa vipi, na usainiwe kabla mbegu haijamwagwa kitaluni. Majani yakishaingia mabanini kukaushwa, mkulima hana tena nguvu ya kujadiliana.