Mdomo umevimba miezi na bado unanunua vidonge vya aleji?

Hapa Dodoma mdomo wa mtu ukivimba utasikia mawili tu, kapigwa au kala kitu kimemkataa. Sasa uvimbe wa aleji mara nyingi unakuja ghafla na baada ya siku moja mbili umeisha, lakini kuna huu mwingine, leo mdomo, kesho shavu au fizi, unapungua unarudi, mwishowe mdomo unabaki mnene, mgumu, na kona zinapasuka. Madaktari wanauita orofashio granulomatosisi, na hauambukizi. Dada mmoja jirani yetu alimeza setirizini na antibayotiki mpaka akachoka, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakula nini.

Hapo ndo naposhangaa. Uingereza wagonjwa wengi wanaanzishiwa lishe isiyo na mdalasini wala benzoeti, kama wiki 12 hivi, na wengi wanapata nafuu, japo sio wote, wengine bado watahitaji steroidi, zile dawa za kushusha uvimbe. Benzoeti ni kile kihifadhi cha kiwandani, nenda kwa muuza chipsi geuza chupa ya tomato sosi, kwenye vile viherufi vidogo vya nyuma mara nyingi utakuta E211, ndo hiyo. Soda nyingi pia wanaweka, na juisi za kuchanganya na maji.

Ila usijitibu kwa kusoma simu. Mara nyingi wanakata kinyama kidogo mdomoni wakapime, maana ugonjwa wa matumbo wa Crohn nao unaweza kuanzia hapo, na kuna dawa za presha kama enalapril zinavimbisha midomo (ulimi ukivimba au pumzi ikibana kimbia hospitali, habari za lishe baadaye). Na mtoto usimkatie vyakula kiholela, atakonda bure.

Mi naona lishe yenyewe kwa mtu wa huku sio ngumu, ugali wa uwele na mlenda, nani katia mdalasini humo? Ngumu ni watu. Umeenda ugenini soda ishafunguliwa, ukikataa unaringa, na chai ya mama mkwe imejaa viungo, utaanzaje kumwambia? Pilau la harusini ndo usiseme, wengine wanachomoa kile kijiti cha mdalasini wanaendelea kula, jamani, kimeshachemka humo na mchele wote, we omba wali mweupe.